Pikipiki ya Luqmani

Injini ilikuwa bado haijawashwa, lakini Zuwena alikuwa ameshaukamata usukani kwa mikono miwili. Baibui alilipandisha magotini na kulifunga kwa kanga; chini yake alivaa suruali ya marehemu mwanawe. Watu waliokuwa wakipita kando ya uwanja, kule Raskazone, waligeuka, wakatazamana, wakaenda zao.

"Mama Luqmani, bado tunaweza kuacha," alisema Yakoub.

"Nimekwambia nataka kukijua kitu kilichoniulia mwanangu. Nifundishe."

Yakoub hakuweza kumkatalia. Alikuwa rafiki wa Luqmani tangu madrasa, na siku ya ajali walikuwa wote wawili juu ya pikipiki hii nyekundu ya mashindano, yeye, kama alivyosimulia, amepakiwa nyuma. Alitoka na mguu uliovunjika. Luqmani alikufa palepale, na Asmaa, binti wa jirani yao Bi Tabia, aliyekuwa akivuka barabara, hakufika hospitali.

Huu ulikuwa mwaka wa pili Bi Tabia haitikii salamu ya Zuwena. Zuwena alipokwenda kumwombea mwanawe radhi, mlango ulifungwa usoni pake. "Mama wa muuaji," alisikia kutoka ndani. Akarudi nyumbani nalo jina hilo, akalibeba.

"Tuanze na breki," alisema Yakoub. "Ya nyuma, mguu wa kulia. Ya mbele, mkono wa kulia. Hii ya mbele ndiyo yenye nguvu, ila haitaki pupa. Usiikabe ghafla. Ikamue, kama unavyokamua tui."

Zuwena akaikamua. Akaachia. Akaikamua tena.

"Na mtu akiikaba?"

"Tairi la mbele linagoma, pikipiki inamtupa."

"Ndivyo alivyofanya Luqmani."

Yakoub alitazama chini. "Ndivyo, mama. Alimwona mtoto, akashtuka."

Maneno hayohayo aliyasema mbele ya trafiki, akayarudia mbele ya wazee msibani, na kila mara macho yalikuwa chini. Zuwena alimwonea huruma. Akanyoosha mkono, akamgusa bega.

"Basi, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Endelea."

Yakoub akamwelekeza kuwasha. Pikipiki ikanguruma, ikamtikisa hadi meno. Zuwena akasoma bismillahi, akazungusha mkono wa kulia kama alivyozoea kumwona Luqmani akifanya. Kelele zilipasua uwanja mzima. Pikipiki haikusogea hata shibiri.

"Mbona haiendi?"

"Bado klachi," alisema Yakoub, akimwonyesha upande wa pili. "Kamata chuma hicho kwa mkono wa kushoto. Kivute chote, upige gia kwa mguu, kisha ukiachie polepole. Na ukitaka kusimama, unakivuta tena huku unakamua breki."

Zuwena akakivuta. Kilikuwa kigumu, mpaka mishipa ya mkono ikasimama.

"Mimi miaka yote nilidhani pikipiki inaendeshwa kwa mkono wa kulia tu."

"Wengi hudhani hivyo, mama." Yakoub alitabasamu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Labda kwa sisi tusiojua. Mtu fundi, kama Luqmani, si angeweza kuondoka bila huu wa kushoto?"

"Hata Luqmani. Hii si baiskeli. Bila kuishika klachi haitoki hapa ilipo."

"Una hakika?"

"Muulize yeyote."

Zuwena akazima injini. Alishuka taratibu, akafungua kanga kiunoni, akalishusha baibui mpaka kwenye vifundo vya miguu. Yakoub alidhani amechoka.

"Siku ile, kabla hujaja kumchukua Luqmani, alikuwa ananisaidia kuchoma maandazi," alisema Zuwena. "Mafuta ya moto yakamwagikia kiganja cha kushoto. Nilimpaka asali mimi mwenyewe. Vidole havikukunjika, hata kitasa cha mlango nilimfungulia mimi. Akaniomba nisimwambie mtu, asije akachekwa kwamba anapika."

Akamsogelea, akasubiri mpaka kijana akainua macho.

"Nani alikaa mbele, Yakoub?"