Kibodi ya Mwalimu Mkuu

Siku ya tatu, kibodi ya laptopu ilikuwa bado imefungwa. Fundi alibonyeza A, hakikutokea kitu. Akabonyeza B, hakikutokea kitu. Akaegemea kiti, akanywa chai ya watu.

"Bado tu?" aliuliza Mwalimu Mkuu mstaafu, akipita sebuleni na taulo begani.

"Bado, Mwalimu. Imejifunga kisawasawa," alijibu fundi, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni.

"Usijisumbue kwa haraka." Mzee akaingia bafuni akipiga mluzi.

Haraka ilikuwepo. Mpiga chapa alitaka kitabu cha kumbukumbu za Mwalimu Ijumaa, na wiki iliyofuata shule aliyoiongoza ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Mwalimu alikuwa ametangaza mbele ya kamati nzima ya sherehe kwamba ataandika yote anayoyajua, bila kumung'unya maneno. Wajumbe walipiga makofi mpaka viganja vikauma, kisha wakaenda makwao na usingizi ukawapaa. Kesho yake akawapigia simu mmoja mmoja kulalamika kwamba laptopu imegoma kuandika na fundi yuko sebuleni kwake. Walimpa pole nyingi sana, na nyumba ikaanza kupata wageni.

Wa kwanza alikuwa makamu wake wa zamani. Alikuja na mkoba usio na kitu ndani, akasubiri mzee atoke kumwagilia mboga.

"Fundi, hivi hicho kitu ni lazima kipone?"

"Ndiyo kazi niliyoitiwa."

"Magonjwa mengine huachwa, kijana wangu. Hata madaktari hukubali."

Fundi alijikuna kidevu. "Naweza kuiacha hivi hivi mpaka Ijumaa ipite. Ila siharibu kazi ya mtu bila kujua sababu. Nina dhamira yangu."

Makamu akauchungulia mlango. Mwaka ule shule ilipoongoza wilaya nzima, alisema, yeye ndiye aliyewaandikia watoto majibu ya mtihani ubaoni asubuhi, kabla msimamizi hajafika. "Na anajua," aliongeza, jasho likimtoka. "Juzi kikaoni alinitazama kwa jicho la pembeni. Yule mtu hakuna asichokijua."

Wa pili alikuwa mdogo wake Mwalimu, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mtu ambaye kila hotuba yake huanza na "sisi tuliohitimu hapa". Naye alipewa sharti lile lile. Alizunguka mbuyu kwa nusu saa, akaisifu hali ya hewa, akamsifu fundi, na mwishowe akatapika ukweli: alifukuzwa kidato cha pili, na cheti chake alikichapa mwenyewe kwenye mashine ya ofisini kwa kaka yake.

"Mwaka gani huo?" fundi aliuliza.

"Mwaka unakuhusu nini wewe?"

"Nipime uzito wa dhambi ninayobebeshwa, mzee wangu."

Mwenyekiti akautaja mwaka, na tarehe juu yake.

Leo alikuja wa tatu, na hakutoka mbali. Maji yalipoanza kumwagika bafuni, mke wa Mwalimu alitoka jikoni akajifuta mikono, akaketi ukingoni mwa kochi.

"Mwanangu, iache hivyo hivyo."

Fundi alishtuka. "Hata wewe, Mama?"

Mama alikinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka. Mumewe alipandishwa cheo mara mbili, alisema, akawe mkaguzi wa shule huko mjini. Barua zote mbili zilifika nyumbani mumewe akiwa darasani. Zote mbili alizijibu Mama mwenyewe, kwa sahihi ya mumewe, kwamba hataki. Hakutaka kuhama na kuwaacha ndugu zake. Mwalimu alistaafu akiamini kwamba wakubwa walimsahau.

"Siku hizi ananiita 'mpenzi'," alisema, sauti ikimkatika. "Miaka arobaini hajawahi. Ameshajua, na anataka kuniumbua mbele za watu."

Fundi alimhurumia kweli, hata akajuta kumsikiliza. Maji yalipokatika bafuni, Mama akanyanyuka upesi, akarudi kwenye sufuria zake.

Mwalimu alitoka ananukia sabuni. Aliufunga mlango wa jikoni taratibu, akavuta kiti karibu na fundi, akauliza kwa kunong'ona, "Wangapi?"

"Watatu, Mwalimu."

"Mimi nilitegemea wawili."

Fundi akamweleza, wa kwanza na wa pili kwa majina na miaka. Kwa yule wa tatu alizungumza huku ameinamia sakafu. Alipomaliza, mzee aliweka mikono magotini, akasikiliza sahani zikigongana upande wa pili wa mlango. Macho yalikuwa yamemwiva.

Kisha akavaa miwani na kuivuta laptopu mbele yake.

"Haya, nifungulie sasa," alisema. "Jumatatu nilipokwambia uifunge, sikuwa na hata neno moja la kuandika."