Bodi Iliyogoma

"Chomoa, hesabu mpaka kumi, halafu chomeka," Gozbert alisema kwenye simu, laptopu ikiwa mapajani.

Nyumbani Nshambya, ng'ambo ya maji, mama yake alichomoa waya wa umeme wa bodi. Gozbert alimsikia akihesabu kwa Kihaya, taratibu, bila kuruka namba. Kisha mistari ikaanza kumiminika kwenye laptopu. Butiloda imeamka. Luninga imetambuliwa. Picha imetumwa. Hakuna kosa hata moja.

"Mama, kuna picha?"

Kigoda cha mama yake, Ma Felicitas, kilisikika kikiburutwa. "Giza tu, mwana wange."

Ilikuwa Jumatatu, na hilo lilikuwa jaribio la kumi.

Bodi yenyewe, kompyuta nzima ya Linux yenye ukubwa wa kadi ya benki, ilikuwa sebuleni kwa mama. Bwana Byarugaba, mwenye mradi, alikuwa nayo hiyo moja tu ya kuazimisha, na alikataza katakata isipandishwe boti. Kwa hiyo likizo ya Pasaka ilipoisha, Gozbert aliiacha imeungwa kwenye luninga na kwenye kompyuta kuukuu yenye modemu. Akiwa kisiwani Bumbire aliweza kuipelekea bodi butiloda mpya, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Linux yenyewe, na kusoma kila bodi ilichosema. Ila picha ikitoka au isipotoka, hilo lilihitaji mtu aliye mbele ya luninga. Siku aliyoondoka, skrini ilikuwa nyeusi tii.

"Asiingie mtu sebuleni," alimwagiza mama yake. "Wakijua kuna luninga kubwa watakuja kuangalia mpira, na mmoja atanichomolea waya."

Mama aliitikia, na mama akiitikia jambo limekwisha.

Byarugaba alitaka bodi mia mbili kwa ajili ya shule, na kila moja ionyeshe picha sekunde ya tatu tangu kuwashwa. Atakayeweza kabla ya Ijumaa saa sita mchana angepata kazi ya kudumu mjini Bukoba. Gozbert alikuwa na miaka minne kisiwani, akitunza mashine ya barafu ya wachuuzi wa samaki. Hakutaka utajiri. Alitaka kulala nyumbani, mama yake asiendelee kuishi peke yake na migomba.

Jumanne alibadili vipimo vya skrini, akaijenga butiloda upya, akaituma.

"Umeme upo, Mama?"

"Upo. Friji inaunguruma."

"Na ule waya nyuma ya luninga?"

"Umekaza, mwana wange. Nimeupapasa wote."

"Picha?"

"Giza."

Jumatano alipunguza rangi, akaongeza muda wa kusubiri. Ikawa yale yale. Alitamani angalau sauti, mlio wowote, lakini hatua ile ya kuamka haina sauti, ni picha tupu. Ili asije akamfokea mama yake bure, akabadilisha mazungumzo.

"Mbona siku hizi hunibipu?"

"Simu imechakaa. Vitufe vimefutika namba."

"Kanisani ulikwenda?"

"Nilikwenda. Gaudiosa wa jirani alinishika mkono. Njia inateleza, mvua hizi."

Alhamisi, baada ya jaribio la kumi na tatu, Gozbert alisikia mama yake akivuta pumzi kwa shida, na akajua analia.

"Gozi, labda kosa ni langu."

"Kosa lako litoke wapi? Wewe unachomoa na kuchomeka tu. Mengine unaniambia unachoona, basi."

Ma Felicitas alipenga kamasi. Kisha akasema amemsalia rozari nzima asubuhi, na atasali nyingine.

Ijumaa alituma toleo la kumi na nne. Alikuwa amekagua kila mstari mara tatu, na hakubakiwa na wazo lolote kichwani. Kama bodi ingekuwa mbele yake angeipiga kofi, angeibembeleza, angefanya chochote. Lakini alikuwa ameketi kwenye kreti la samaki, amezungukwa na ziwa pande zote, na mikono yake haikuwa na cha kushika.

"Mama?"

Shanga za rozari zilisikika zikigongana.

"Nisamehe, mwana wange. Giza."

Saa sita kasoro dakika tano Byarugaba akapiga.

"Imetoka?"

Gozbert angeweza kudanganya, na kusema kweli alifikiria. "Haijatoka, mzee."

"Pole, kijana wangu. Ya Karugendo, mshindani wako aliyejinunulia bodi yake, imetoka tangu jana. Nampa yeye."

Gozbert alifunga laptopu. Alijihisi mnyonge kabisa, mtu aliyefanya kila alichofundishwa na bado hakuelewa amekosea wapi.

Jumamosi aliomba ruhusa, akapanda boti. Hakumpigia mama yake, maana alikosa la kumwambia. Boti ilimshusha Nyamukazi karibu saa sita, akachukua bodaboda mpaka Nshambya, nia yake ikiwa ni kuing'oa bodi ile na kuirudisha kwa mwenyewe.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Akavua viatu, akaingia sebuleni kimyakimya.

Luninga ilikuwa inawaka. Tawi la kahawa lenye matunda mekundu lilijaza skrini nzima, angavu, bila dosari, na chini yake maandishi makubwa meupe: TOLEO LA 14.

Ma Felicitas alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua moja kutoka kwenye skrini, rozari mkononi, wekundu wa picha umemjaa usoni. Gozbert akasogea mpaka mbele yake. Mama aliinua uso, macho yakimpita begani, mkono ukipapasa hewa.

"Nani?" akauliza.