Asilimia Mbili kwa Penseli

Bahasha ya nne nayo ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: uchumi umekua kwa asilimia mbili, si saba.

Mhariri aliisoma, kisha akajipepea nayo. Kesho gazeti lingetoa mchoro wa marais wanne, kila mmoja na nguzo yake, watu waone nani alikuza uchumi zaidi. Nguzo ya huyu wa sasa ilishaletwa na serikali. Ilikuwa ndefu mno, nusura itoboe kichwa cha habari.

"Binti, hizi za penseli anakuletea nani?"

"Sijamwona, bosi. Lakini zile tatu zote zilikuja kuwa kweli."

"Basi ana kinyongo na mzee. Ama alifukuzwa kazi, ama anakitaka kiti. Nisipomjua aliyeandika, sichapi. Niletee jina kabla ya saa kumi. Ukikosa, inatoka saba, na wewe kesho usijisumbue kuja."

Yule binti mwandishi akatoka mbio, unga unamwagika huku anauona. Bahati, safari hii bahasha ilikuwa na mhuri wa duka la vifungo, nyuma ya posta.

Alitegemea kumkuta waziri aliyetumbuliwa, miwani myeusi usoni. Alimkuta mama mtu mzima amekumbatia mashati ya kiume, anamgombeza muuzaji kwamba vifungo vyake vyepesi kama makaratasi. Hesabu ya vifungo aliiandika kwa penseli. Mwandiko ni uleule.

"Shikamoo, mama. Kumbe ni wewe?"

"Marahaba. Mbona umechelewa hivyo? Na umekonda, binti, hamlishwi huko gazetini?"

"Hizi namba unazitoa wapi?"

"Mfukoni. Mashati ya rais wenu nafua mimi, hataki mwingine ayaguse. Ile saba anaisoma kwenye televisheni. Hii mbili anaisahau mfukoni."

Dobi! Mwandishi aliingiwa na huruma. Mtoto wa watu akaona haya kumponza mtu mzima kwa ajili ya nguzo gazetini.

"Mama, jina lako likitoka, atakufukuza."

Yule mama alicheka mpaka vifungo vikamponyoka. "Anifukuze mimi? Thubutu! Andika jina, na herufi ziwe kubwa."

"Kwani amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Ila mkimsifu tena, atagombea tena. Miaka mitano mingine! Halali usiku, hali chakula, simu mpaka chooni. Wapeni watu ile mbili, wamnyime kura, apumzike."

Mwandishi alitazama saa. Saa tisa na nusu. Akatoa daftari.

"Na akianguka, mama, wewe unapata nini?"

"Nampata mwanangu," alijibu. "Chumba chake nimeshakipaka rangi."