Rudini Salama

Kila ilipofika saa kamili, Mkurugenzi Brandrud alivua spika za masikioni, akakunja uso kama mtu aliyetonesha jino bovu, kisha akazivaa tena.

Torleiv, aliyesimama mlangoni na birika la kahawa mkononi, alimwona, na moyo wake ukalainika kidogo. Kumbe hata wakubwa wa kusini wana utu, alijisemea, sema wanauficha wasije wakaombwa.

Brandrud alikuwa ametumwa kutoka mji mkuu kuja kuamua kama redio ndogo ya kisiwa iendelee au izimwe. Redio yenyewe haikuwa na makuu: hali ya bahari, bei ya samaki, mbwa wa fulani kapotea. Na kila saa kamili, sauti ya mwanamke: "Hii ni Redio Skarvnes. Rudini salama." Mwanamke huyo alikuwa Solbjørg, mke wa Torleiv, aliyekwisha kuzikwa. Meneja wa redio hakurekodi sauti nyingine, na si kwa heshima, ni kwa uvivu. Lakini Torleiv aliishi kwa uvivu huo. Hakunywa kahawa, hakutoka wala hakulala kabla ya kuambiwa arudi salama.

Kwa hiyo mgeni alipotaka kibanda kilicho mbali na nyaya za umeme, Torleiv alimpa banda lake la boti kule rasini. Mgeni aliposema friza ya Torleiv inanguruma kwenye vipimo vyake, Torleiv aliizima, na samaki wa miezi wakaliwa na shakwe. Mgeni alikuja na waya wa kujaza buti ya gari. Torleiv akamsaidia kuutandaza juu ya mawe na theluji mpaka vidole vikafa ganzi.

"Waya wote huo wa kupimia redio iliyo hapo kilimani?" Gunnvor mwenye duka aliuliza. "Si atoe tu kichwa dirishani?"

"Wamesoma hao, Gunnvor. Msomi akishikwa na kiu huanza kwa kuchimba kisima."

"Na mchimbaji ndiye wewe."

"Ndiye mimi. Walipoondoa feri mlipiga kelele, mkapata nini? Walipofunga shule mkaandamana na mabango, mkapata mafua. Mimi huyu namshibisha."

Akamshibisha kweli. Chewa wa kuchemsha pamoja na maini na mayai yake, mkate na jibini la kahawia, kahawa isiyokatika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Asubuhi za giza la Januari, redio za nchi za mbali zilizo kwenye namba ileile ya masafa zilivuka bahari na kunong'ona nyuma ya matangazo ya kisiwa. Torleiv aliziita wadokozi.

"Namba moja, vituo kumi," alilalamika. "Hata hewani serikali imeshindwa kuwapanga watu foleni."

Brandrud alicheka. "Ndivyo ilivyo, mzee. Mwenye mlingoti wa karibu ndiye anayesikika. Wengine wanameza mate."

"Na sisi utatusikiliza?"

"Nitasikiliza kwa makini. Sina kazi nyingine."

Saa kamili ikafika. Solbjørg akasema yake, akanyamaza.

"Huyo ni mke wangu," alisema Torleiv. "Marehemu."

Brandrud aligeuka polepole. "Kila saa, mzee? Hakosi hata moja?"

"Hakosi."

"Saa kamili hasa. Si kabla, si baada."

"Solbjørg hakuchelewa hata kanisani siku ya harusi. Niliyechelewa ni mimi."

"Ana sauti yenye nguvu," alisema Brandrud, na macho yake yakalowa.

Siku ile Torleiv alirudi nyumbani akipiga mluzi. Akamwambia Gunnvor kwamba mambo yameiva, mkubwa amelia.

"Wakubwa wakilia kaza mfuko," alijibu Gunnvor.

Uamuzi ukatoka kabla waya haujakunjwa: redio haina wasikilizaji wa kutosha. Jumatatu asubuhi fundi alipanda kilimani akaikata katikati ya hali ya bahari, pale pale kwenye mwelekeo wa upepo. Torleiv aliweka kikombe chini. Saa kamili ilikuwa inakaribia, naye hakutaka imkute peke yake na redio bubu. Alivaa koti, akashika njia ya rasini, na njia nzima alikuwa akichagua matusi.

Hakuwahi kuyatumia. Brandrud alikuwa ameketi bandani na spika masikioni, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

Ngumi ya Torleiv ikalegea. "Mwenyewe umemzima," alisema. "Sasa unamlilia nini?"

Brandrud aliinua kidole kumnyamazisha, akavua spika moja, akamwekea mzee sikioni. Torleiv akainama. Ameirekodi, alifikiri. Shetani huyu ameniwekea sauti ya mke wangu.

Kwanza ulisikika mvumo, kama upepo ndani ya chupa tupu. Kisha kinanda chembamba kilichosikika toka mbali sana. Kisha mwanamume, mwenye haraka, kwa lugha ya watu, akatamka maneno machache na kuzama.

"Peru," alinong'ona Brandrud, akimshika mkono kama ndugu. "Nimemngoja tangu nina nywele, mzee wangu, naye yuko kwenye namba hii hii yenu. Hutaja jina la kituo mara moja tu, saa kamili. Na kila akifungua mdomo, mkeo huyo na 'rudini salama' yake."