Ukurasa Usio na Picha

Ukurasa wa sita uligharimu paja la kuku.

Polycarpe alilimaliza kwanza, akalamba vidole, ndipo akakishika kile kitabu. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akatazama vyuma vilivyotapakaa mezani.

“Hebu ninyanyulie hilo gurudumu kubwa nilione.”

Fundi Fabiani akalinyanyua.

“Ndilo lenyewe. Wanasema linaingia kulia kwa silinda. Taratibu, usilazimishe.”

“Taratibu, wanasema?”

“Wamesisitiza.”

Likaingia. Fabiani akacheka peke yake. “Kifaransa kitamu, aisee!”

Mwaka huo wa 1996, pale Kawajense, hakuna aliyemfikia Fabiani kwa kutengeneza redio, wala baiskeli, wala kwa mdomo. Sasa alitaka kikubwa zaidi. Wafadhili wa parokia walikuwa wameleta mashine mpya ya kusaga, bado imo kwenye kasha lake, na kitabu chake ni cha Kifaransa. Pamoja nayo lilikuja boksi dogo: vipande vya shaba vya kuunganisha mfano wa injini ya mvuke, ile ya zamani iliyoendesha viwanda vya Ulaya kabla dizeli haijajulikana. Kitabu chake nacho Kifaransa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Telesfori, akatangaza: atakayeiunganisha ikazunguka mbele ya waumini Jumapili, ndiye atakayekabidhiwa mashine ya kusaga. Kazi ya mshahara, mpaka uzeeni.

Mikono Fabiani alikuwa nayo. Kifaransa hakuwa nacho. Akamkuta Polycarpe sokoni, ametoka makazi ya wakimbizi ya Katumba na mihogo yake kwenye baiskeli.

“Wewe Mrundi! Nyie Kifaransa si mnakinyonya kwa mama zenu?”

Polycarpe akafungua kinywa ajibu.

“Kwangu kuna wali wa Usevya na kuku,” Fabiani akaongeza.

Kinywa kikafungwa. Baadaye kidogo Polycarpe akasema, “Twende.”

Siku tano alikula na kusoma. Alikalishwa chini, kwenye gunia. “Kiti ni cha raia, profesa,” Fabiani alimwambia, na majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Polycarpe naye alicheka, mdomo umejaa wali. Generosa, mke wa fundi, ndiye aliyeanza kuhesabu kuku wake.

“Shemeji, ukurasa wenyewe mfupi, mbona umekula vipande viwili?”

“Mfupi lakini mgumu, shemeji.”

Jumamosi walitia maji kwenye boila, wakawasha spiriti chini yake. Gurudumu likajikongoja mara tatu, likasimama. Juu ya boila palikuwa na kikofia chenye springi, kinapumua mvuke, fyuu, fyuu.

“Kinavuja!” Fabiani akapiga kelele. “Kesho nitaaibika mimi! Hapo wanasemaje?”

Polycarpe akafungua ukurasa wa mwisho. Haukuwa na picha hata moja. Maneno matupu, na mstari mmoja mwekundu. Akautazama mpaka Generosa akaleta sahani.

“Wanasema mvuke usipotee. Ziba.”

“Na huo mstari mwekundu?”

“Hapo ndipo wanasisitiza.”

Fabiani akakichomelea kikofia kwa lihamu. Kikanyamaza kabisa.

Jumapili baada ya misa, gurudumu lilizunguka kama feni. Akina mama wakapiga vigelegele. Fabiani akainama, akaisogelea injini kwa sikio kama anavyosikiliza redio mbovu, huku akiwapungia walio nyuma waje waone.

Ikapasuka.

Hospitali walimtoa vipande kumi na kimoja vya shaba usoni. Macho hawakuweza kumrudishia.

Mwezi uliofuata kamati ilikaa. Generosa alimwongoza mumewe kwa mkono mpaka mezani. Wajumbe wawili walikuwa tayari wamesimama, wanataka Mrundi apelekwe polisi.

“Msimguse,” Fabiani akasema. “Kila alichosoma kiliingia mahali pake, hakuna kipande kilichobaki. Waliokosea ni wazungu, boila lao jepesi. Mimi mashine siiwezi tena. Mpeni yeye. Kwani kile kitabu cha ile kubwa atawasomea nani mwingine?”

Wale wawili wakaketi. Kweli, nani mwingine?

Polycarpe akaitwa ndani. Mzee Telesfori akausoma mkataba kwa sauti: mshahara kila mwezi, debe la unga, chumba karibu na mashine. Alipomaliza akaugeuza, akamsogezea na kalamu.

“Saini hapo chini, profesa,” Fabiani akasema kwa furaha, uso ameuelekeza ukutani.

Polycarpe akaishika kalamu, akaitazama. Akairudisha mezani taratibu, akanyoosha kidole gumba, akauliza kama pana wino.