Mabaki ya Tausi

Mrithi alivaa jaketi la kuokolea maisha ndani ya koti lake la sherehe, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akashuka garini akitembea kama mtu aliyemeza godoro.

"Bosi, naona nyumbani wanakulisha," alisema mpiga rangi, akipangusa brashi yake.

Mrithi hakucheka. Alikuwa anaitazama Tausi.

Yoti ya mbao, mlingoti mmoja, matanga meupe, inaelea kando ya karakana na kung'aa kama sahani. Miaka mitatu iliyopita ilikuwa imelala ubavu kwenye nyasi, ya kijivu, na jina lake limechongwa kwa mkono upande wa nyuma, herufi ya S imepinda kama mtu mwenye kibiongo. Sasa jina lilikuwa la shaba, limenyooka. Leo mkaguzi wa mambo ya kale angeitambua rasmi kuwa chombo cha urithi, apigilie kibao chake, na ukoo wa Mrithi uingie kitabuni. Ukoo ulioijenga Tausi, ndivyo alivyozoea kuwaambia wageni.

Haukuijenga. Mama yake alimweleza ukweli siku chache kabla ya kufa. Tausi aliijenga seremala mmoja, kwa mikono yake, kwa ajili yake mwenyewe. Baba yake Mrithi aliiazima kwa wiki moja, na wiki hiyo haikuisha. Seremala alipokuja kuidai, alioneshwa karatasi zenye jina la mtu mwingine.

Na fundi aliyeifufua Tausi alikuwa binti wa seremala huyo.

Mrithi aligundua hilo mwezi uliopita tu, kazi ikiwa imefika ukingoni. Miaka mitatu mwanamke yule hakusema neno, na kunyamaza huko ndiko kulikomkosesha raha. Msumari mmoja uliolegezwa chini ya maji ungetosha. Mshono mmoja wa mbao usiojazwa pamba ya kuzuia maji.

Alianza kuzikumbuka siku zote alizosimama naye kwenye karakana hii.

"Ubao huu bado mzima, bosi. Una madoa tu. Nitoe?"

"Toa. Sitaki makovu."

"Una hakika?"

"Fundi, unavuta kazi. Nimesema toa."

Kisha alimletea daftari atie sahihi, kila mara: huu umetolewa, huu umewekwa, na kilichotoka ni cha fundi, kama ilivyo desturi ya karakana. Mrithi hakuwa na haja ya kusoma. Aliona ni kuni za kuchemshia chai.

Nyundo ya mbao ililia ndani ya banda la nyuma. Ko. Ko. Ko. Milango yake ilikuwa imefungwa, kama ilivyofungwa mwaka mzima.

Nyundo ikanyamaza. Fundi akatoka kwa mlango mdogo wa pembeni, nyuzi za pamba zimemganda mikononi.

"Kazi si imekwisha?" Mrithi aliuliza. "Unagonga nini huko?"

"Yako imekwisha. Namalizia ya baba."

Jasho lilimtiririka Mrithi chini ya jaketi. "Leo utapanda na sisi."

"Sipandi."

"Fundi gani anaogopa chombo chake?"

"Si changu, bosi." Akatabasamu. Katika miaka mitatu, Mrithi hakuwahi kuyaona meno yake.

Mkaguzi alikuwa amefika tangu alfajiri na sasa alikuwa anamalizia chai yake juu ya benchi. Mrithi alimshika mkono. Hata mwenye kisasi gani hawezi kumzamisha mtu wa serikali.

"Twende wote, mzee wangu."

"Mimi kazi yangu nimeshamaliza."

"Basi nisindikize tu."

Upepo uliyajaza matanga, na karakana ikawa ndogo nyuma yao. Mrithi alishuka chumbani, akainua ubao wa sakafu, akapiga magoti. Alisikiliza. Alipitisha kiganja kwenye kila mshono alioweza kuufikia. Chini kulikuwa na maji ya kujaza kikombe kimoja, yale ambayo chombo chochote cha mbao hunywa siku yake ya kwanza. Walizunguka boya, wakarudi. Kikombe kilibaki kikombe.

Mkaguzi alishuka chumbani, akagonga mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, kwa vifundo vya vidole. "Umepata chombo kipya kizuri sana."

"Asante, mzee."

"Kipya kabisa," mkaguzi alirudia, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Waliposhuka, Mrithi alilivua koti mbele ya watu wote, akalivua na jaketi. Mpiga rangi aliangua kicheko. Mrithi alimwacha acheke, akamwendea fundi.

"Nilikuwazia mabaya," alisema. "Najua baba yangu alivyomtenda baba yako. Nilidhani utanizamisha. Samahani."

"Nimepokea."

"Na ahsante kwa kuniokolea Tausi." Akashusha pumzi ndefu, akageuka. "Haya, mzee. Kile kibao cha urithi tukipigilie wapi?"

Mkaguzi alitazama viatu vyake. "Nilikipigilia asubuhi. Hukuwa umefika."

Mrithi aliitazama yoti, mbele, mlingotini, nyuma kwenye zile herufi za shaba. Hakukuwa na kibao.

Mpiga rangi alikuwa ameacha kucheka. Alikwenda kwenye banda, akaisukuma milango yote miwili mpaka mwisho.

Ndani, juu ya magogo ya kushushia majini, ilisimama yoti ya kijivu yenye mlingoti mmoja, kila ubao alioamuru utolewe, kila doa na kila kovu mahali pake. Nyuma yake kibao kipya kiling'aa, na juu ya kibao, jina lililochongwa kwa mkono, S yake imepinda.

"Mimi siombi radhi," alisema fundi, akaingia kuondoa kabari.