Ganda la Chungwa

Kibuyu cha chai ya yerba kilimpita Otilia kwa mara ya pili.

Mama alikijaza maji ya moto, akampa kaka yake Otilia. Kaka akanyonya kwa mrija wa chuma, akarudisha. Mama akakijaza tena, akamruka Otilia, akampa shangazi. Hapa kisiwani Chiloé, kusini mwa Chile, wakati wa baridi, hata mpita njia akikaa jikoni hanyimwi kibuyu.

Otilia hakuwa amevua koti. Mvua ya Julai ilichuruzika kutoka kwenye pindo lake hadi sakafuni. Baba alizikwa Mei, na Otilia hakuja mazishini.

"Wewe si mtu wa mjini siku hizi?" kaka alisema. "Kahawa ya hotelini itakutosha."

"Barabara ilikuwa imejaa maji," Otilia alinong'ona.

"Marehemu hasubiri mvua ikatike, binti," shangazi alijibu.

Otilia akainuka. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango aliposikia harufu ya ganda la chungwa likiungua taratibu juu ya jiko la kuni. Katika nyumba hiyo ni yeye peke yake aliyependa yerba yenye ganda la chungwa. Wengine walisema inanuka sabuni.

Mama aliliokota kwa vidole vitupu, bado likifuka moshi, akalitumbukiza kibuyuni na kumimina maji.

"Mama, unaungua," kaka alisema.

Mama alikigeuza kibuyu polepole, mpaka mrija ukaelekea mlangoni.